Barua ya Haki Kutupwa Jaani



Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), wiki hii tuzungumze juu ya barua pepe za haki zinazotupwa jaani kabla hazijasomwa.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, aliandikiwa barua ya kuitwa kwenye mahojiano ya ufadhili wa masomo. Barua haikupotea njiani, wala mtumaji hakukosea anwani. Ilifika, ikaangukia kwenye kikasha cha barua taka, kile ambacho katika simu nyingi kimeandikwa "Spam", ikalala humo. Mama yake alipoiona, siku ya mahojiano ilikuwa imekwisha kupita. Mama alilia, na ni nani atakayemlaumu?

Jina hilo la "Spam", kwa anayetaka kujua, ni la nyama ya kopo ya Kimarekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1937, na aghalabu nyama yake ni ya nguruwe. Basi jina limelingana na mahali. Hata hivyo hatuna budi kupachungulia.

Waliosoma elimu ya Hadithi hawatapata tabu kufahamu namna barua zinavyochujwa. Maulamaa wetu hawakutosheka na matini peke yake. Walichunguza isnadi pia, nani kapokea kwa nani, na je, anajulikana kwa ukweli? Chekeche la barua pepe, ingawa ni mashine isiyo na ucha Mungu, hufanya mfano wa hayo. Huuliza: aliyeileta barua hii ameruhusiwa kusema kwa jina hili? Ina muhuri wa mwenyewe? Na waliopokea barua zake zamani walizifanya nini?

Swali la mwisho ndilo linalotuhusu sisi majumbani. Ukibonyeza kuwa barua ni taka, umemtia ila msimulizi. Ukibonyeza kuwa si taka, umemtolea ushahidi wa uadilifu. Ni jarh na taadil mikononi mwa kila mwenye simu. Wapo wazazi waliochoshwa na matangazo ya madrasa, na badala ya kuomba waondolewe kwenye orodha, huyaripoti kuwa taka. Huo ni ushahidi usio wa haki, na madhara yake hayamfiki mtumaji peke yake: wakiripoti wengi, tangazo la mtihani litaanza kutupwa hata kwa mzazi anayelingojea.

Basi kila Ijumaa, mama mwenye nyumba au kijana anayeaminiwa afungue kikasha hicho atazame. Katika Gmail, barua iliyomo hufutwa yenyewe baada ya siku 30, kwa hiyo anayetazama kwa nadra huenda asiikute. Ukiona barua ya kweli, bonyeza palipoandikwa kuwa si taka, kisha ihifadhi anwani ya mtumaji miongoni mwa majina yako. Kwa anayetumia kompyuta, Gmail inakubali kuwekewa amri kwamba barua za anwani fulani zisipelekwe kwenye taka kamwe. Na kama mwanao anangojea jawabu la chuo au la kazi ya Ughaibuni, msingoje ifike: chukueni anwani kutoka kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, muihifadhi leo. Wale waliofunguliwa barua pepe na vijana wa saiba, na hawajui hata neno lao la siri, waanzie hapo kwanza.

Lakini tahadhari. Katika jaa hilo kweli na uongo hulala kitanda kimoja, na Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kubainisha habari kabla ya kuitendea. Usitazame jina lililoandikwa juu tu. Fungua uisome anwani kamili. Barua inayodai nambari ya siri ya M-Pesa, au ada ya kuharakisha ufadhili, iache hukohuko ilikotupwa. Ukitia shaka, ipigie simu ofisi husika kwa nambari uliyoipata kwingine, si ile iliyomo baruani.

Neno kwa kamati za madrasa na vyama vya akina mama. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail hutakiwa kuwa na vitu vitatu: SPF, ambayo ni orodha ya mashine zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, DKIM, ambayo ni muhuri, na DMARC, ambayo humweleza mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitika. Sisi hatufikii idadi hiyo, lakini hata mtumaji mdogo hutakiwa kuwa na moja kati ya mbili za mwanzo. Kamati yenye anwani ya jina lake yenyewe imwulize fundi wake, naye atajua. Tumeni kwa anwani moja isiyobadilikabadilika. Na msitume bango la picha tupu lisilo na hata mstari wa maneno, kama tulivyozoea wakati wa Maulidi, kwani barua ya namna hiyo hushukiwa upesi. Andikeni mahali, siku na saa kwa maneno, kisha picha ifuate.

Wabillahi tawfiq.