Walezi wa wanafunzi vyuoni wafike Ganze kabla ya barua

Kila mara vyuo vikuu vyetu vinapokumbwa na mabadiliko makubwa, watu wa kwanza kuulizwa maoni ni wahasibu, na wa mwisho ni wale wanaowahudumia wanafunzi: mlezi wa wanafunzi, washauri wa ofisi yake, na makarani wa mabweni. Lakini vilio vyote huishia kwenye mlango wa hao wa mwisho. Nimefundisha isimu chuoni kwa zaidi ya miaka kumi, na yamkini ningeendelea kuliona jambo hili kuwa la utawala, lisilonihusu ndewe wala sikio, lau nisingekuwa nyumbani Ganze mwezi wa Agosti mwaka 2024.

Jioni moja alikuja mama mmoja ambaye kwa ukoo namwita shangazi. Mkononi alikuwa na simu ya bintiye. Akaniambia, “Mwanangu, hebu nitazamie. Naambiwa mdogo wako yuko bendi ya nne. Mimi nilimpeleka kusoma, hakwenda kupiga ngoma.”

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Bendi hiyo ilikuwa daraja la nne katika mfumo mpya wa kugharimia elimu ya juu, ambao serikali iliuanzisha mwaka 2023 na kuurekebisha mwaka 2024. Kwa mpango wa mwaka huo wa pili, familia iliyowekwa daraja la kwanza ilitakiwa ichangie asilimia 5 ya gharama ya kozi, salio likawa ufadhili na mkopo. Familia ya daraja la nne ilitakiwa itoe asilimia 30. Mume wa shangazi huuza makaa kando ya barabara iendayo Bamba. Mvua ikinyesha hulima mahindi na mihogo, na mvua yetu, ndugu msomaji, waijua.

Je, muuza makaa alifikaje daraja la nne? Nilimwita msichana, akanieleza. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilijazwa kwenye kompyuta katika saibakafe mjini Kilifi. Kijana wa pale alikuwa akisoma Kiingereza kwa macho na kuuliza kwa Kiswahili, huku foleni ikimsukuma. “Baba anafanya nini?” Msichana akajibu, “Biashara.” Kijana akaandika mfanyabiashara, na alipofika penye mapato akakisia tarakimu inayomfaa mfanyabiashara.

Hapa niruhusiwe kusema kama mwanaisimu. Msichana hakusema uongo, wala kijana hakukosea tafsiri. Kwetu Ganze mwenye magunia mawili ya makaa yumo katika biashara sawasawa na mwenye duka la saruji mjini. Neno lile halipimi fedha. Linamtofautisha mtu anayejishughulisha na mtu anayekaa bure. Tena binti gani wa Kigiriama, mbele ya kijana asiyemjua na watu wamesimama nyuma yake, atamtaja babake kuwa fukara? Fomu iliuliza mapato, ikajibiwa heshima. Mitambo haina njia ya kulijua hilo, na hatuwezi kuilaumu. Wa kulijua ni binadamu aliyewekwa kati ya chuo na mzazi, yaani yule tunayemwita mlezi.

Hata jina la ofisi hiyo ni mtihani. Wanafunzi wetu wamezoea kumtaja mkuu wake kwa Kiingereza, nalo neno hilo likipita katika masikio ya Ganze husikika “dini”. Shangazi aliposikia bintiye ameelekezwa aende kwa dini, alidhani wameshauriwa waombe. (Tuliomba pia.)

Msichana alipofika katika chuo chake, kilichoko bara, alielezwa kwamba mambo ya madaraja ni ya Nairobi. Ofisi ya huduma za wanafunzi ilikuwa na tangazo mlangoni, kwa Kiingereza, likisema rufaa zifanywe mtandaoni. Hapakuwa na mtu aliyemketisha akamwuliza babake huuza nini, magunia mangapi, kwa mwezi upi. Rufaa ilipojibiwa na daraja likabadilishwa, muhula ulikuwa umekwenda wiki sita, naye alikuwa akigawana kitanda na mwenzake katika chumba cha kupanga na amekwisha kukosa majaribio mawili.

Sisemi kwamba waliokuwa katika ofisi ile ni watu wabaya. Nasema kwamba walikabidhiwa mabadiliko kama mtu anavyokabidhiwa mzigo gizani. Wala hii si mara ya kwanza. Mwaka 1991, wakati serikali ilipokuwa ikibanwa na masharti ya Benki ya Dunia, wanafunzi walianza kutozwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, posho waliyoizoea ikaondolewa, na baadaye kila mtu akawa analipia sahani yake ya chakula. Fujo zikazuka na vyuo vikafungwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilikuja kuundwa kwa sheria mwaka 1995, wengi wakiwa wamekwisha kuumia. Sisi tulioingia chuoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliikuta ofisi ya mlezi ikiwa imebaki na funguo za mabweni na rejista ya nidhamu.

Kisha yakaja mengine. Vyuo vingi vikapewa hati ya kujitegemea kati ya mwaka 2012 na 2013, na Chuo Kikuu cha Pwani kilichopo hapo Kilifi kilikuwa mojawapo. Wanafunzi wakazidi vitanda, wakahamia vyumba vya kupanga mitaani, ambako funguo za mlezi hazifiki. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na walionusurika wakapelekwa kuendelea na masomo Eldoret, katika Chuo Kikuu cha Moi. Mwezi Machi mwaka 2020 vyuo vyote vikafungwa kwa ajili ya korona, na mwanafunzi wa Ganze akaambiwa asome kwa intaneti. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji mwenye funguo. Yote yalihitaji mtu anayejua wanafunzi wake wanatoka wapi, wanasema nini, na wanaficha nini.

Basi ninalodai ni kwamba anayeongoza huduma za wanafunzi awepo katika kikao kinachoamua mabadiliko, asiwe mtu wa kupelekewa waraka baada ya kikao. Na akitoka hapo, kazi yake ya kwanza iwe kuyafasiri mabadiliko hayo kwa watakaoyabeba, kwa lugha yao, kabla barua hazijatumwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni sababu ya fomu inayomhoji muuza makaa kuhusu jiko lake kutoandikwa kwa Kiswahili.

Wenzangu chuoni hunijibu kwamba fedha hazipo. Ni kweli, vyuo vya umma vina madeni ya mabilioni, na wako wahadhiri waliopata kungoja mishahara. Lakini washauri wawili na dereva, siku ya soko la mifugo Bamba, wiki tatu kabla ya fomu kufungwa, hawawezi kukifilisi chuo. Wengine husema kwamba mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ajitafutie. Hoja hii huniudhi. Utu uzima hauji na barua ya kujiunga, na tena hapa anayetakiwa atoe fedha ni mzazi.

Mfumo wenyewe umekwisha kutikisika. Mwezi Desemba mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Ukibaki au ukiondolewa, yatakuja mabadiliko mengine na fomu nyingine, nayo itajazwa katika saibakafe ileile.

Kwa hiyo nawageukia walimu wenzangu wa sekondari za Ganze, Bamba, Jaribuni na Sokoke. Msiwangoje wakuu wa vyuo. Wanafunzi wakishafanya mtihani wa kidato cha nne, waketisheni, muwaulize kazi za wazazi wao kwa matendo, si kwa jina la kazi, na muwaandikie karatasi ya kwenda nayo Kilifi. Nawe mwanafunzi, ukiulizwa babako anafanya nini, taja magunia.

Shangazi ana kijana kidato cha nne. Ameshaniuliza safari hii fomu itajazwa wapi, na nani atakayeketi karibu naye.