Kabla ya kuchagua rangi, tazama watoto wanalalaje



Miezi mitatu iliyopita, baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi, mama mmoja alinivuta kando akaniuliza ni rangi ipi inafaa kupakwa katika chumba cha watoto. Alikuwa amejinyima katika biashara yake ya vitumbua hadi akapata fedha za ndoo ya rangi na za picha za kubandika ukutani, zile za vikaragosi ambazo watoto huzipenda. Nikamjibu, "Mwanangu, siwezi kukuchagulia rangi ya chumba nisichokiona." Siku ya pili yake nikaenda kwake.

Ni nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Chumba cha watoto kina futi 10 kwa 10 na dirisha moja. Ndani yake kulikuwa na kitanda kimoja cha futi 5 kwa 6, na juu ya kitanda hicho walilala binti wa miaka 11 na wadogo zake wawili wa kiume, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6. Mdogo wa mwisho bado hulala kwa wazazi. Nguo zilining'inia kwenye misumari mirefu iliyopigiliwa juu kiasi ambacho hata mimi nililazimika kuinua mkono. Nilipouliza nani hulala upande gani, mama akanieleza, kisha akaongeza kama jambo dogo: "Na baba yao mdogo akija mjini hulala hapa hapa na watoto. Huyu binti siku hizi hataki kabisa kulala ndani, analala kwenye kochi la sebuleni. Anasema joto."

Tukamwita binti. Hakusema habari ya joto. Alisema hana mahali pa kubadilishia nguo, na kila akitaka kuvaa sare ya shule hubeba nguo zake hadi bafuni uani, zikalowa.

Basi rangi tukaiweka kando.

Wazazi wenzangu, sote tunaijua Hadithi iliyopokewa katika Sunan za Abu Daud, ambamo Mtume (SAW) ameagiza watoto waamrishwe Swala wafikapo miaka 7. Twaisoma, twaifundisha madrasa, lakini wengi wetu huikatisha kabla ya mwisho wake. Mwisho wake ni agizo la kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo miaka 10. Wanazuoni wameeleza kuwa hilo halimlazimishi baba kujenga chumba kwa kila mtoto. Kinachotakiwa ni kila mmoja awe na mahali pake pa kulala na shuka lake la kujifunika, na hata ndugu wa jinsia moja wasibanane ndani ya shuka moja. Kwa hiyo udhaifu wa kipato, ambao Allah (SW) anaujua zaidi yetu, haujatufungia mlango wa kulitekeleza.

Ama hili la mgeni, naomba mniruhusu nilizungumze bila kupaka mafuta. Sisi ni watu wa ukarimu. Akifika mjomba, binamu, mtoto wa rafiki au msichana wa kazi, jambo la kwanza husemwa, "Atalala na watoto." Hatuulizi zaidi. Asubuhi mtoto akiwa mnyonge twasema amedeka. Sisemi kwamba kila mgeni ana nia mbaya, na huyo baba mdogo sikusikia kwake baya lolote. Nasema kwamba mlango ulio wazi hauchagui nani apite, na mtoto aliyezoeshwa kulala na kila ajaye hana neno la kukataa siku atakapohitaji kukataa.

Baba wa nyumba alikuwapo, na ugumu wake niliuelewa. "Mama," akaniambia, "nitamwambia nini ndugu yangu? Ataona namshuku." Nikamwambia asimtaje ndugu yake kabisa. Aseme kuwa nyumba hii sasa ina utaratibu: hakuna mtu mzima anayelala chumba cha watoto, awe mwanamume au mwanamke, awe wa upande wa baba au wa upande wa mama. Mama yangu mzazi nikija naye, naye atalala sebuleni. Kanuni ikiwa ya wote haimvunjii heshima mtu mmoja. Godoro la mgeni likae limekunjwa nyuma ya kochi, na televisheni izimwe mapema ili mgeni apumzike. Nalo hilo lina kheri yake. Baba akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atalisema mwenyewe, asimwachie mkewe. Hapo nilimpenda.

Sasa tukapima. Kitanda kikubwa kiliuzwa. Fundi seremala wa mtaani alitengeneza kitanda cha ghorofa cha futi 3 kwa 6 kwa ajili ya wavulana, kikawekwa ukuta wa kushoto, na kitanda chembamba cha futi 2 na nusu kwa binti kikawekwa ukuta wa kulia. Katikati ikabaki njia ya futi 4 na nusu. Bomba la chuma likapita kutoka ukuta hadi ukuta mbele ya kitanda cha binti, likatundikwa pazia zito linaloburutika vizuri. Ndani ya pazia zikatoshea kitanda, sanduku la nguo na kioo kidogo. Ndugu zake wakafundishwa kwamba pazia likifungwa ni mlango, hubishwa hodi. Katika Surat An-Nur, aya ya 58, watoto ambao hawajabaleghe wameagizwa kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha. Mtoto atajifunza wapi kuomba ruhusa ikiwa nyumba nzima hakuna mahali panapohitaji ruhusa?

Kuhusu kitanda cha ghorofa nina mambo ya kuwaonya. Madaktari wa watoto hushauri kwamba aliye chini ya miaka 6 asilale juu, na mimi huyu wa miaka 6 kamili nilimweka chini vilevile, kwa kuwa ndoto zake zina mateke. Kitanda cha juu kiwe na vizuizi pande zote, hata upande wa ukutani, maana mtoto huweza kuteleza katika uwazi akabanwa. Ngazi ipigwe boriti imara. Kisiwekwe chini ya feni wala karibu na dirisha lisilo na nondo. Na kabati refu, kama lipo, lifungwe ukutani kwa vyuma, kwa sababu watoto hupanda droo kama ngazi.

Chandarua ndicho pambo la kwanza la chumba cha mtoto katika pwani yetu hii. Cha juu kitundikwe darini, cha chini kifungwe kwenye mbao za kitanda cha juu, na vyote vichomekwe chini ya godoro. Chandarua chenye dawa kikifuliwa kianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu dawa. Wenye kuchoma dawa ya mbu ya mviringo wasiiweke kamwe karibu nacho. Chandarua huwaka upesi mno.

Kuna jambo mama alinieleza kwa kunong'ona: wa miaka 6 bado hukojoa kitandani. Godoro lilikuwa likianikwa barazani kila asubuhi, wapita njia wakiliona na watoto wa jirani wakiimba. Ndugu zangu, hiyo ni adhabu ambayo mtoto hakuistahili. Kwa umri huo ni jambo la kawaida na aghalabu huisha lenyewe. Tulishona foronya ya nailoni ya godoro zima, ikatandikwa shuka mbili juu yake. Asubuhi shuka hufuliwa, nailoni hufutwa kwa maji safi, na tohara ya chumba hupatikana bila mtaa mzima kujua.

Vifaa vingine havikuwa na gharama. Misumari iling'olewa, ukapigiliwa ubao wenye vining'inizo kwenye usawa wa bega la mtoto, kanzu upande huu, sare upande ule. Mtoto hutundika anapofikia. Asipofikia hutupa sakafuni, nasi tukamwita mchafu. Vitu vya kuchezea viliingia katika vikapu viwili vya ukili. Mswala na juzuu zilipata rafu yao, juu kuliko viatu na mipira. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walichonga vidaka ukutani, kila kitu kikawa na shimo lake. Sisi wa matofali ya saruji hutosheka na rafu ya ubao.

Picha za vikaragosi je? Hapa nilimwachia mama uamuzi baada ya kumkumbusha mawili. Bibi Aisha (RA) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (SAW) alichukizwa, nalo likakatwa likafanywa mito. Na Bibi Aisha huyo huyo alikuwa na wanasesere wake, na farasi mwenye mbawa za vitambaa, Mtume (SAW) alipomwona akacheka. Hivyo mtoto hanyimwi kuchezea kwa kisingizio cha dini. Mama aliamua ukuta usiwe na viumbe, ukawa na nyota na mwezi alizochora binti kwa mkono wake. Walitaka pia kununua fremu ya Ayatul Kursiy. Ni nzuri, lakini nimeona nyumba nyingi ambamo fremu ipo na hakuna mtoto anayeisoma kabla ya kulala.

Rangi ndiyo ikaja mwisho. Tulichagua rangi ya maji, iliyoandikwa kwenye ndoo kuwa haina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi kuukuu ya mafuta iliyokuwa imebanduka dirishani hatukuikwangua kavu kwa msasa, kwani vumbi lake ndilo la hatari. Ililoweshwa kwanza, watoto wakiwa kwa bibi yao, na sakafu ikadekiwa mara mbili.

Nilipita kwao wiki iliyopita. Kuta ni za kijani hafifu, binti alivyotaka. Baba mdogo alikuwapo, ameketi sebuleni, godoro lake limekunjwa nyuma ya kochi. Nilipotaka kuchungulia chumba cha watoto, pazia lilikuwa limefungwa, na sauti ikatoka ndani: "Nani? Subiri kidogo, Bibi, navaa."

Nikasubiri mlangoni.