Uvumbuzi Huanzia Penye Hitilafu

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa mvumbuzi ni mtu wa namna gani, aghalabu humchora kichwani mwake mzee mwenye nywele timutimu, aliyejifungia katika maabara akingoja wazo limshukie mfano wa ufunuo. Picha hiyo hupatikana katika vitabu vya hadithi, katika sinema na, kwa bahati mbaya, katika vipindi vingi vya sayansi pia. Madhara yake si madogo. Kijana akiisha kuamini kwamba uvumbuzi ni karama ya watu wachache wa nchi za mbali, hana sababu ya kuitazama kwa makini mashine ya kusaga nafaka iliyoharibika jirani na shule yake.

Historia ya hataza za mwanzo wa karne ya 20 yafundisha kinyume cha hayo. Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili, kwa miaka maalumu, mtu mwingine asikitengeneze wala kukiuza kitu chake bila idhini. Naye mvumbuzi, kwa upande wake, hulazimika kukieleza kitu hicho waziwazi, kwa maandishi na michoro, kiasi cha fundi mwenzake kuweza kukiunda. Mtu akizisoma hati za miaka ile atakuta kwamba nyingi zilizaliwa na kero ya kawaida mahali pa kazi. Kazi iliyomfikisha Willis Carrier wa Marekani kwenye hataza yake ya mwaka 1906, ya mtambo wa kutengeneza hewa, ilianza mwaka 1902 kwa sababu ya karatasi zilizokuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevunyevu katika kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn. Lakini mfano ulio bora zaidi kwa shule zetu watoka Sweden, nao ni mfano wa fundi wa kiwanda cha nguo.

Kiwanda juu ya udongo laini

Sven Wingquist alizaliwa mwaka 1876. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa mhandisi wa matengenezo katika kiwanda cha nguo cha Gamlestaden, mjini Gothenburg. Katika viwanda vya wakati ule, mashine nyingi hazikuwa na mota yake kila moja. Injini moja kubwa ilizungusha shafti ndefu zilizotundikwa darini, na kutoka katika shafti hizo mikanda ilishuka hadi kwenye mashine za kusokota na za kufuma. Shafti hizo zilishikiliwa na beringi, moja baada ya nyingine, na zote zilipaswa kukaa katika mstari mmoja ulionyooka.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Gothenburg umejengwa juu ya udongo laini wa mfinyanzi. Jengo la kiwanda lilititia kidogo kidogo, upande huu zaidi ya upande ule, na nguzo zake zikahama pamoja na ardhi. Shafti iliyokuwa imenyooka mwaka jana ilikuta beringi zake zimekaa mshazari mwaka huu. Beringi zilipata joto, zikalika na kuvunjika. Mashine zikasimama, na wafanyakazi wakakaa wakingoja. Beringi za gololi za wakati huo ziliagizwa kutoka nje, na kuzipata kulichukua muda mrefu.

Mtu mwingine angeliandika katika daftari lake, "Beringi imevunjika, imebadilishwa," akamaliza. Pengine ndivyo ilivyoandikwa katika viwanda mia moja vingine. Wingquist aliuliza swali la pili: kwa nini beringi ilazimike kuvunjika kila ardhi inapotitia? Ardhi haikuwezekana kuzuiwa. Basi ikawa hapana budi beringi yenyewe iweze kuufuata mshazari wa shafti.

Siri iliyomo katika tufe

Beringi za gololi hazikuwa jambo geni. Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya kutumia gololi katika ekseli ya gari la farasi mwaka 1794. Mwaka 1883 Friedrich Fischer, mjini Schweinfurt, Ujerumani, aliunda mashine ya kusaga gololi za chuma zikawa za mviringo kamili na za kipimo kimoja. Mwanzoni mwa karne Richard Stribeck, Mjerumani pia, alipima kwa majaribio uzito ambao gololi inaweza kuubeba bila kuharibika. Robert Conrad naye alipata hataza ya beringi ambayo gololi zake zakaa ndani ya mifereji, uliokatwa mmoja katika pete ya ndani na mmoja katika pete ya nje. Beringi ya aina hiyo ni imara, na hadi leo hutumika kila mahali. Lakini kwa kuwa mifereji yote miwili huikumbatia gololi, shafti ikiinama kidogo tu gololi hubanwa, na penye kubanwa hapakosi joto na kulika.

Wingquist alibadili umbo. Katika beringi yake ziko safu mbili za gololi. Pete ya ndani, iliyokazwa katika shafti, ina mifereji miwili sambamba. Pete ya nje haina mfereji hata mmoja: uso wake wa ndani umechongwa kama sehemu ya ukuta wa tufe lililo wazi ndani, ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha beringi. Shafti inapoinama, pete ya ndani na gololi zote huinama pamoja nayo ndani ya tufe hilo. Na kwa kuwa tufe halina upande wa juu wala wa chini, gololi hukuta uso uleule na nafasi ileile, hata kama shafti imeinama nyuzi mbili au tatu. Hakuna kinachobanwa.

Mwanafunzi wa biolojia atatambua mara moja kwamba ana jambo lifananalo na hilo mwilini mwake. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho hukaa katika kikombe cha nyonga, na kwa sababu hiyo mguu waweza kuelekezwa huku na huku. Mwanafunzi wa hisabati ataona kwamba suluhisho lote limetokana na sifa moja ya tufe, nayo ni kwamba kila nukta ya uso wake iko umbali uleule kutoka kitovuni. Sifa hiyo hufundishwa darasani kila mwaka. Kilichokosekana ni mtu wa kuikutanisha na beringi iliyovunjika.

Hataza ya Sweden ilitolewa mwaka 1907, na ulinzi ukaombwa katika nchi nyingine kumi. Mwaka huohuo wenye kiwanda cha nguo walitoa mtaji, ikaanzishwa kampuni ya SKF, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Kiwanda cha Beringi za Gololi cha Sweden. Mwaka 1915 kampuni hiyo iliandikisha jina la Volvo, neno la Kilatini lenye maana ya "naviringika". Jina hilo lilikusudiwa kwa beringi, lakini mwaka 1927 likaonekana juu ya motokaa. Mwaka 1919 Arvid Palmgren, mhandisi wa kampuni hiyohiyo, aliziondoa gololi akaweka vipande vyenye umbo la pipa, ili beringi iweze kubeba mizigo mizito zaidi huku ikiendelea kuinama na shafti. Hayo yote yalichipuka katika nguzo zilizokuwa zikititia.

Hataza pekee haitoshi

Yafaa, hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila atambuaye kero na kuitafutia dawa hufanikiwa. Mary Anderson, mwanamke wa Alabama, Marekani, alipanda tramu mjini New York wakati wa baridi, akaona jinsi theluji ilivyomzuia dereva kuona mbele. Alibuni mkono wenye mpira wa kufutia kioo, uliozungushwa na dereva kutoka ndani kwa wenzo, akapewa hataza mwezi Novemba 1903. Alipokitoa kifaa hicho kwa kampuni moja ya Kanada mwaka 1905, aliambiwa kwamba hakina faida ya kibiashara. Muda wa hataza yake, miaka 17, ulikwisha mwaka 1920 bila yeye kupata chochote. Katika miaka iliyofuata, vifuta kioo vikawa sehemu ya kawaida ya kila motokaa.

Tofauti kati ya watu hawa wawili haikuwa akili. Wingquist alikuwa ndani ya kiwanda. Kero ilikuwa ya waajiri wake, hasara ilikuwa yao, na mahali pa kuijaribu dawa palikuwa palepale. Anderson alikuwa abiria. Aliliona tatizo sawasawa, lakini hakuwa na karakana, na wenye karakana hawakumsikiliza. Funzo lake ni kwamba jamii inayotaka wavumbuzi haina budi kuwapa vitu viwili: mahali pa kujaribia, na watu walio tayari kusikiliza hata kama msemaji hana cheo.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba Sweden ilikuwa na chuma bora, mashine za kusaga kwa usahihi na matajiri wa kuwekeza, na kwamba bila hayo udadisi wa fundi ni maneno matupu. Hoja hiyo ina ukweli. Bila gololi za Fischer na vipimo vya Stribeck, Wingquist asingelikuwa na cha kuboresha. Lakini chuma bora kilikuwapo pia katika viwanda vingine vingi ambavyo shafti zake zilikwenda mshazari na hakuna aliyevumbua kitu. Mali huwezesha jibu kutengenezwa. Haiwezi kuuliza swali. Na swali ndilo sehemu ya uvumbuzi ambayo shule maskini kuliko zote yaweza kuifundisha.

Kazi iliyo mbele ya shule

Afrika Mashariki haina upungufu wa hitilafu. Ziko mashine za kusaga na kukoboa nafaka ambazo hubadilishwa beringi mara kwa mara, na kila mara fundi hulaumu ubora wa kipuri. Pengine kipuri ni kibovu kweli. Pengine sakafu imepasuka, puli hazikai mstari mmoja, au vumbi la unga limeingia katika girisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aizibaye nyufa kila mwaka bila kuuchunguza msingi, naye ataujenga ukuta vilevile, baada ya kupoteza saruji nyingi.

Kwa hiyo mambo matatu yastahili kufanywa, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. La kwanza, kila shule ya sekondari iwe na daftari la hitilafu. Pampu ya maji ikikwama, kitasa kikilegea au baiskeli ikivunjika, wanafunzi waandike kilichotokea, mara ngapi kimetokea, na sababu wanayoidhania, kisha waijaribu. Hitilafu inayorudi mara tatu si bahati mbaya tena, bali ni swali la sayansi.

La pili, somo la msuguano lisiishie ubaoni. Beringi chakavu hupatikana kwa bei ndogo katika karakana yoyote ya magari. Ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa, na alama za kulika zitazamwe. Beringi iliyolika upande mmoja wa mfereji husimulia habari tofauti na ile iliyojaa mikwaruzo ya mchanga. Kisha gololi za kuchezea ziwekwe chini ya sinia lenye mzigo, na nguvu ya kulivuta ipimwe kwa mizani ya springi, kwanza pasipo gololi, halafu pamoja nazo. Darasa litakalofanya hivyo halitasahau tofauti kati ya kuteleza na kuviringika.

La tatu, wanafunzi wafundishwe kusoma hataza. Hati ambayo muda wake umekwisha ni mali ya watu wote. Mchoro wa Wingquist, wa Anderson na wa Carrier waweza kusomwa na kufuatwa na yeyote bila kulipa senti. Kwa miaka mingi nchi hizi zilizuiliwa mlango mwingine wa hati hizo: nchini Kenya, kwa mfano, hadi sheria mpya ilipopitishwa mwaka 1989, hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza ndiyo iliyoweza kuandikishwa. Leo mvumbuzi anaweza kuomba katika nchi yake mwenyewe, au kupitia ARIPO, shirika la kanda lenye makao yake Harare. Mlango umefunguliwa, wanaopita ni wachache, na wengi hawajui hata ulipo.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Walimu wameirudia methali hiyo miaka mingi kwa kuwahimiza wanafunzi wamwulize mwalimu. Wakati umefika wa kuwahimiza waiulize mashine: imevunjikia wapi, kwa nini palepale, na umbo gani lingeliiepusha. Katika kiwanda cha Gothenburg maswali hayo yaliulizwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vilivyoharibika. Watu wa kazi hiyo wamejaa katika kila mji wa Afrika Mashariki, na wengi wao walitoka katika madarasa ambamo hakuna aliyewaambia kwamba kazi yao ni mwanzo wa sayansi.