Kazi Yetu Iandikwe kwa Jina Lake

Ndugu wanachama,

Wengi wetu tukisikia neno "takwimu" husema hayo ni mambo ya mabwana wa Nairobi, hayatuhusu sisi tubebao magunia hapa Moi's Bridge. Twasema hapana. Yatuhusu sana, maana kazi isiyo na jina haina mtetezi.

Tazameni amri ya Serikali ya mishahara ya kilimo. Imewataja kibarua asiye na ufundi, mchungaji, mlinzi, mpishi, nyapara, karani wa shamba, fundi wa shamba, dereva wa trekta, dereva wa mashine ya kuvuna na dereva wa lori. Jina ndilo linaloamua kiwango cha chini cha mshahara. Je, yule kijana asimamaye siku nzima kwenye mashine ya kupukuchua mahindi ni nani? Mwajiri atasema hana ufundi. Sisi twasema anao, na akikosea kidogo vidole vyake vitaonyesha. Lakini orodha haina jina lake, basi mabishano hayaishi.

Mambo ni hayo hayo katika orodha kubwa za dunia. Umoja wa Mataifa una orodha ya shughuli za uchumi, iliyoanza 1948. Shirika la Kazi Duniani, lililoko Geneva, lina orodha ya kazi za watu, iliyotolewa mara ya kwanza 1958. Orodha ya kazi inayofuatwa leo ni ya 2008. Ina mafungu makubwa 10, na chini yake mafungu madogo 436, kila moja na nambari yake. Mpakiaji wa mizigo ni 9333. Kibarua wa shamba la mimea ni 9211. Mtu wa bodaboda ni 8321, awe amebeba abiria au gunia. Nchi nyingi, Kenya ikiwamo, hutengeneza orodha zao kwa kufuata hizo.

Sasa msimu wa mahindi mtu mmoja hapa kwetu hupakia magunia asubuhi, huendesha mashine ya kupukuchua mchana, na jioni hupanda pikipiki. Mkewe hupalilia shamba la familia na kuuza maziwa. Mkiwauliza kazi yao watajibu, "Twahangaika tu." Karani naye, kwa haraka, ataandika "kibarua" na "mama wa nyumbani". Hapo kazi tano zimepotea.

Zamani makarani walikaa mezani na kitabu kinene, wakitafuta nambari moja moja. Siku hizi kuna kompyuta. Hesabu ya watu ya Agosti 1969 ilifanywa kwa makaratasi. Ile ya Agosti 2019 ilifanywa kwa vishikwambi, ikatupata Wakenya 47,564,296. Katika nchi kadhaa mashine husoma maneno ya mtu mwenyewe, kisha hupendekeza nambari. Ni jambo jema, nasi hatulipingi. Orodha ikiwa ndani ya kompyuta yaweza kurekebishwa upesi kuliko kitabu cha kungojewa miaka 20.

Lakini tuseme wazi: kompyuta ni mwanafunzi. Hujifunza kwa majibu yaliyoandikwa zamani. Ikiwa makarani wa jana waliandika "kibarua" kwa kila mtu mwenye vumbi, mashine ya leo itaandika vivyo hivyo, tena kwa kasi kubwa. Kosa la karani mmoja lilikuwa la kijiji. Kosa la mashine ni la nchi nzima.

Kuna hatari nyingine. Mpakiaji anayelipwa kwa gunia, apewaye kazi na wakala mmoja na kupangiwa bei na wakala huyo huyo, huandikwa "amejiajiri". Amejiajiri wapi? Mwaka 2018 mkutano wa wataalamu wa takwimu huko Geneva uliliona jambo hili, ukaweka fungu la pekee kwa mtu aitwaye huru hali anamtegemea mwingine kwa kazi yake. Fungu hilo halina faida ikiwa anayeuliza hapa hajui kuuliza, "Bei yako hupangwa na nani?"

Ndugu, takwimu si sheria. Lakini tukiketi na waajiri mezani, wao huja na hesabu zao, nasi huja na malalamiko. Hesabu hushinda malalamiko. Hapa Kenya zaidi ya wanane katika kila kumi wenye kazi, bila kuhesabu wakulima wadogo wadogo, wako katika kazi zisizo rasmi. Tusipowajua kwa majina ya kazi zao, tutawatetea vipi?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, maneno ya mfanya kazi mwenyewe yahifadhiwe, pasibaki nambari peke yake. Pili, orodha ya nchi inaporekebishwa, matawi ya vyama yaulizwe. Hata huko Geneva wajumbe wa wafanya kazi huketi pamoja na wa serikali na wa waajiri. Tatu, amri za mishahara zifuate kazi zilivyo leo.

Na sisi tuna wajibu wetu. Hesabu ijayo yatazamiwa 2029. Anayeuliza akija, usiseme "nahangaika". Sema kazi yako, sema unayemfanyia, sema anayepanga bei. Mficha uchi hazai.

Umoja ni nguvu.