Wanaosubiri Waridi



Juma hili nawaalika tutafakari pamoja jambo ambalo huenda mkashangaa kulisikia kutoka kwa padre, nalo ni maua ya harusi. Seminarini sikufundishwa kupanga maua. Tulisoma falsafa, teolojia na sheria za Kanisa, na maua tuliwaachia masista. Lakini kwa miaka niliyofungisha ndoa katika parokia za miteremko ya Mlima Kilimanjaro nimeona kwamba ndoa nyingi hazikwami kwenye cheti cha ubatizo wala kwenye matangazo. Hukwama kwenye bajeti ya kamati ya harusi, na ndani ya bajeti hiyo mstari wa mapambo ndio unaonenepa usiku watu wamelala.

Miaka michache iliyopita walinijia ofisini vijana wawili waliokuwa wakiishi pamoja kwa miaka 6, wenye watoto 2, katika hali ile tunayoiita uchumba sugu. Mafundisho walikwisha kuyamaliza, na matangazo yao yalikuwa yamesomwa kanisani. Walikuja kuniomba tarehe isogezwe mbele mwaka mzima. Nilipowauliza sababu, binti alitazama sakafu, na kijana akatoa karatasi mfukoni.

"Baba Paroko," akasema, "mpambaji anataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi, na michango haijatimia."

Niliisoma karatasi ile. Fedha ya kupamba kanisa na ukumbi ilizidi pete, shela na suti vikijumlishwa pamoja. Yaani watu wawili waliotamani kuipokea sakramenti, na kuirudia Komunyo Takatifu baada ya miaka 6, walikuwa wanasubiri waridi.

Nilikasirika, kisha nikaona aibu. Ukutani mwa ofisi yangu ilibandikwa orodha ya mahitaji ya ndoa, ambayo niliirithi na sikuwahi kuihoji, na kipengele kimojawapo kiliagiza kanisa lipambwe na mpambaji anayetambulika. Sahihi iliyokuwa chini ya orodha hiyo ilikuwa yangu. Jioni ile niliibandua.

Kanisa lenyewe halidai hayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, kifungu cha 32, unakataza watu binafsi au matabaka ya watu kupewa heshima ya pekee, ama katika adhimisho ama katika mapambo ya nje. Maelekezo ya Misale ya Roma, toleo la tatu la mwaka 2002, namba 305, yanaagiza maua yatumike kwa kiasi, na yawekwe kuizunguka altare badala ya kuwekwa juu yake. Majilio maua yanaruhusiwa kwa kiasi kisichotangulia furaha ya Noeli. Kwaresima hayaruhusiwi kwenye altare, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Wala hakuna popote panaposema kwamba ndoa hufanywa na waridi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, yasema hufanywa na ridhaa ya wawili. Hata habari ya harusi ya Kana, ambako upungufu wa divai umesimuliwa wazi, haina neno juu ya mapambo.

Msinielewe vibaya. Sisemi kanisa libaki tupu. Bwana wetu mwenyewe aliyatazama maua ya kondeni akayaweka juu ya fahari ya Sulemani, na ninavyomsoma mimi, alikuwa anayasema yale yaliyoota pale pale penye miguu ya wasikilizaji wake. Ndiyo maana nathubutu kuwashauri wachumba wachague wenyewe maua ya msimu, wayakate wenyewe na kuyapanga wenyewe, wakisaidiwa na ndugu na jumuiya yao.

Hapa kwetu hatuna udhuru. Bonde la Usa River, upande wa Arusha, limejulikana kwa kilimo cha maua ya kuuzwa Ulaya, ilhali kumbi zetu zinapambwa kwa maua ya plastiki yanayokodishwa kutoka harusi hii hadi ile, yakiwa na vumbi la zote mbili. Na ukitoka mlangoni mwa nyumba yoyote ya mlimani huku utakuta kitu kinachochanua.

Basi tuanze na tarehe, kwa kuwa tarehe ndiyo inayoamua bei. Wengi wetu hupenda kufunga ndoa siku zinazofuata Noeli, ndugu wa mijini wakiwa wamerudi nyumbani. Vizuri. Siku hizo mvua za vuli zimekwisha kuyaamsha maua ya bustanini, tena kanisa limekwisha kupambwa kwa ajili ya sherehe. Kwa nini uyaondoe maua ya Noeli ili uweke ya kwako? Ongeza vyungu viwili, inatosha. Hali kadhalika juma la Pasaka. Na kama ndoa mbili au tatu zinafungwa Jumamosi moja, familia zikutane mapema na kupamba mara moja kwa wote. Najua wapo wanaosema, "Sisi tunataka rangi zetu." Rangi zenu zipelekeni ukumbini.

Anayefunga ndoa mwezi wa saba au wa nane, wakati wa baridi, afikirie miezi mitatu kabla. Alizeti huchanua baada ya siku 60 hadi 80 tangu kupandwa, na huku juu penye baridi hukawia zaidi. Kwa hiyo panda kwa awamu tatu, juma moja baada ya jingine, upate yaliyo tayari siku yako. Yungiyungi jeupe linaloota kando ya mifereji halinunuliwi, huombwa kwa mwenye shamba. Utomvu wake huwasha mdomo na koo, basi lisiwekwe kwenye keki wala karibu na watoto wadogo. Jakaranda hupendeza sana barabarani mwezi wa kumi na wa kumi na moja, lakini ukilikata litapukutika kabla ya wimbo wa mwanzo. Liache mtini, mpigie picha chini yake.

Na majani! Watu wengi husahau kwamba robo tatu ya uzuri wa chungu cha maua ni majani. Kangaga za ukingo wa mto, migomba michanga miwili mlangoni pa kanisa, na zaidi ya yote masale. Mchagga hahitaji kuelezwa isale ni nini. Ni mpaka wa kihamba, ni jani la amani, na anayelipeleka kuomba msamaha harudishwi. Kwa macho yangu halina mpinzani mbele ya altare ambapo koo mbili zinakutana, hasa kama mazungumzo ya mahari yaliacha makovu.

Sasa kuyakata. Ua likatwe alfajiri au jioni, kamwe si mchana. Kisu kiwe kikali, shina likatwe mshazari, na ndoo ya maji iwe mkononi, si nyumbani. Majani yote yatakayozama majini yaondolewe, kwa maana yanaoza na kuyaharibu maji. Kijiko cha sukari katika lita moja ya maji, pamoja na matone machache ya jiki, husaidia maua yadumu. Kisha yalale usiku mzima chumbani penye giza na ubaridi. Kwa kuyashikilia, usinunue sponji la kijani la wapambaji. Ni la plastiki na halioi shambani. Kunja kipande cha wavu wa banda la kuku, kitie ndani ya chungu, chomeka mashina. Majani yatangulie, maua makubwa yafuate, madogo mwisho. Vyombo viwe vile mlivyo navyo: mitungi, vibuyu, hata ndoo iliyovalishwa jani la mgomba.

Zaidi ya yote, kumbukeni kwamba kanisa ni kubwa. Vifungu vidogo kila benchi havionekani, na hugharimu muda mwingi. Sehemu nne zatosha: mbele ya altare chini sakafuni, penye mimbari, kwenye viti vya maarusi, na mlangoni. Maua yasizibe tabernakulo wala uso wa msomaji. Niliwahi kusoma Injili nikiwa nyuma ya kichaka.

Wale vijana wangu wawili walifunga ndoa tarehe ile ile ya kwanza. Sitadai kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Shangazi mmoja, kwa bidii yake, alikata waridi za bustani yake saa sita mchana wa Ijumaa na kuzileta kwa pikipiki ndani ya mfuko wa plastiki. Zilifika zimelala shingo, na jioni hazikuwa zimeamka. Bibi harusi alilia. Mama mzaa chema wa bwana harusi, ambaye hadi siku ile hakuwa ameuridhia sana muungano ule, aliondoka bila kusema neno. Tulidhani ameondoka kwa hasira. Alirudi gizani na wajukuu wake wawili, wote watatu wamebeba masale mabegani, akasema, "Mwanangu, nyamaza. Lete maji." Walipanga hadi saa nne usiku, na kina mama wa WAWATA wakaongeza alizeti na yungiyungi. Asubuhi yake nilipoingia kuvaa, nilisimama kidogo kule nyuma nikatazama.

Najua mtaniuliza juu ya mpambaji, naye ni muumini wetu na ana watoto wa kulisha. Ni kweli. Mwenye uwezo amwite, amlipe kwa wakati na bila kumpunja. Ninachokataa ni kumfanya awe sharti la altare. Wengine wataniambia kwamba watu watasema. Watasema, naam. Walisema pia juu ya miaka 6 ya kuishi bila ndoa, na wengi wa waliosema ndio waliokaa kwenye kamati na kuipitisha bajeti ile.

Basi, kwa wachumba wa mwaka huu: orodha mpya ya mahitaji ya ndoa imebandikwa mlangoni pa ofisi, na kipengele cha mapambo kimebaki sentensi moja, kwamba familia zipatane na mama wa sakristia juma moja kabla. Parokia imenunua ndoo 12 na wavu wa kutosha. Viombeni kwa katekista. Maua yaachwe kanisani kwa ajili ya Misa za Dominika, kisha yapelekwe kwa wagonjwa na makaburini. Ndoo zirudishwe zikiwa zimeoshwa.