Namba sita si za kumpa mtu

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za watoto na masomo, tuongee juu ya simu, maana kuna jambo limetokea hapa kwenye bloki yetu.

Mama mmoja jirani alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mdogo wake aliye Uvira: dada, nimetuma namba kwenye simu yako kwa makosa, nirudishie upesi. Kweli, SMS yenye namba sita ilikuwa imeingia. Akazituma. Punde si punde WhatsApp yake ikafunga, na kufika jioni shemeji zake walio Marekani walikuwa wanaombwa pesa za hospitali kwa jina lake. Mmoja alikwisha kutuma. Aliyeandika hakuwa mdogo wake. Huyo naye alikuwa ameibiwa vilevile.

Mwizi alikuwa ameandika namba ya mama huyu kwenye simu yake mwenyewe. WhatsApp ikauliza: ni wewe kweli? Jibu lake ndizo zile namba sita. (Msimcheke. Sisi wenyewe tulibakiza kidogo tuzitoe mwaka jana.)

Tulimsaidia kuingiza namba yake upya. Zilipokuja namba sita nyingine akaziandika, mwizi akatoka. Kama mwizi ameshaweka PIN yake, yeye atatoka lakini wewe utangoja siku 7 ndipo uingie. Basi iweke ya kwako mapema: Mipangilio, halafu Akaunti, halafu Uthibitishaji wa hatua mbili. Ni tarakimu sita unazozijua wewe peke yako, na iko tangu 2017. Usiweke tarehe ya kuzaliwa. Hiyo iko kwenye karatasi zako na wengi wameiona.

Linalotusumbua zaidi ni akaunti zinazofunguliwa na fundi wa simu sokoni. Unalipa, anakufungulia Facebook na imeili, neno la siri anachagua yeye, pengine hata namba ya simu ni ya kwake. Hapo mwenye akaunti ni nani? Badilisha neno la siri leo, uweke namba unayoishika mwenyewe.

Na ninyi mnaongoja safari: laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine namba hiyo, na SMS zako zitamfikia yeye. Badilisha namba kwenye akaunti zote mara upatapo laini mpya kule uendako, ile ya zamani ikiwa bado inapokea SMS. Kwa imeili na Facebook kuna pia programu ya simu inayotoa namba mpya kila sekunde 30, hata pasipo mtandao.

Jumamosi baada ya saa nane mchana tutakaa chini ya mwembe karibu na bomba. Njooni na simu zenye chaji, wazee pia.