Si Vidole, ni Ulimi

Wapo wasemao kwamba kijana achezaye michezo ya video mbele ya hadhira ya intaneti huvuta watazamaji kwa wepesi wa vidole, tena kwa Kiingereza tu. Twakataa! Januari 2021, Mhispania aitwaye TheGrefg alikusanya watazamaji zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja katika mtandao wa Twitch, akinena Kihispania. Wala siku ile hakuja kuonyesha shabaha, bali kuzindua sura yake ndani ya mchezo wa Fortnite. Kweli, orodha ya Twitch huweza kupangwa kwa wingi wa watazamaji, na mwenye wengi huzidi kupata. Lakini mgeni akishaingia, humbakiza nini kama si mazungumzo? Walimu wenzetu, tufundishapo ngeli tukasahau usemaji, twawanyima vijana wetu hadhira ya Kiswahili.